Mkono wa Jirani na Mfuko wa Mwenye Duka: Habari za Kuchangia Kazi za Umma katika Nchi ya Wagusii



Kila mwaka kijitabu hiki huwaletea hesabu ya fedha zilizoingia na fedha zilizotoka. Mwaka huu Halmashauri imeonelea kwamba yafaa kiwe na kurasa chache za historia pia, kwa sababu katika mikutano yetu limezuka jambo ambalo tarakimu peke yake haziwezi kulijibu. Vijana wetu wanauliza: ikiwa serikali kuu yatoza kodi, na serikali ya kaunti yatoza ada ya leseni na ya soko, mbona mtu wa Nyaramba aombwe tena mchango wa darasa, wa zahanati, au wa daraja la kijito? Wenye maduka nao wanauliza kwa nini orodha ya wachangaji huanzia milangoni mwao kila mara, na kwa nini mwisho wa kazi majina yao hayasomwi. Maswali hayo si ya utovu wa adabu. Babu zetu waliyauliza kwa namna yao, na majibu waliyopata mara nyingine yalikuwa mazuri, mara nyingine yalikuwa machungu.

Kabla ya serikali ya Kiingereza kufika katika milima yetu, Mgusii hakuwa na hazina ya umma, kwa kuwa hakuwa na fedha. Mali yake ilikuwa ng'ombe, wimbi, na nguvu za watu wake. Lakini alikuwa na risaga. Mwenye shamba alipotaka kulima au kupalilia, au alipotaka kusimamisha nyumba, aliwaita majirani wa mlima mmoja, na watu wa nyumba yake wakapika pombe ya wimbi. Kazi ilianza asubuhi na mapema, na jua lilipopanda watu walikaa kitako wakanywa na kuzungumza. Kando ya risaga ilikuwako egesangio, yaani kikundi kidogo cha majirani, hasa wanawake, waliokwenda shamba kwa shamba kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu. Huku hapakuhitajiwa pombe, kwa sababu malipo ya kazi yalikuwa ni kazi.

Daftari halikuwako, wala mweka hazina. Hata hivyo kila mtu alijua ni nani aliyekuja na ni nani aliyejificha. Mvivu hakutozwa faini kila mara. Siku yake ilipofika aliita, na mlima ukanyamaza.

Tusiipambe risaga kupita kiasi, kama wafanyavyo watu wengine wanaposifu mambo ya kale. Mwenye ghala kubwa la wimbi aliweza kuita watu mara nyingi kuliko mjane mwenye kapu moja. Tena ilikuwa msaada wa majirani kwa shamba la mtu. Haikuwa kazi ya kujenga kitu cha wote. Jambo la kujenga kitu ambacho si changu wala si chako, bali ni chetu, lilikuja na nyakati nyingine, na kwa bahati mbaya lilikuja kwanza kwa mkono wa nguvu.

Habari za vita vya mwaka 1905 na mwaka 1908, na za mkuki wa Otenyo uliomjeruhi Bwana Northcote, wazee wanazijua kuniliko mimi, nami sitazirudia. Litoshe neno hili, kwamba baada ya vita walikuja machifu wa serikali, ikaja kodi ya nyumba, na sheria ikampa chifu mamlaka ya kuwatoa watu kufanya kazi za eneo lao bila malipo, hata siku 24 kwa mwaka. Njia zililimwa kwa jembe, na madaraja ya magogo yakatandazwa juu ya vijito. Serikali iliita kazi hiyo kazi ya jamii. Kwa macho ilifanana na risaga, kwa maana watu wengi waliinama pamoja wakilima mstari mmoja. Lakini aliyeita hakuwa jirani, pombe haikuwako, na aliyekosa alitiwa adabu. Mtu aliyelimishwa barabara kwa fimbo hakuipenda barabara ile, ijapokuwa alipita juu yake kwenda sokoni.

Jambo hilo lina uzito kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1940 serikali ilipowatoa watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, kazi yenyewe ilikuwa na manufaa, kwani udongo ulikuwa ukipotea kweli. Lakini huko Murang'a mwaka 1947 watu walikataa, na mwaka uliofuata wanawake wenyewe wakasimama kuipinga, kwa kuwa waliamrishwa pasipo kuulizwa. Kazi njema inayofanywa kwa shuruti huzaa chuki, na chuki hiyo humpata hata yule ajaye baadaye na ombi la haki.

Mlango wa pili ulifunguliwa na sheria ya mwaka 1924, iliyoanzisha Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya. Katika South Kavirondo Baraza lilikuwa na Bwana DC kuwa mwenyekiti wake. Uwezo wake ulikuwa mdogo, na neno la mwisho halikuwa la wajumbe. Lakini lilikuwa na uwezo mmoja mpya kabisa: liliweza kutoza watu wake ushuru mdogo na kuutumia katika wilaya ile ile, kwa shule, kwa zahanati na kwa njia. Hapo kwa mara ya kwanza mzee wa Gusii aliketi mahali ambapo fedha za kodi ya jirani yake zilijadiliwa mbele yake. Shule ya serikali iliyojengwa Kisii katika miaka ya 1930 ilitokana na hamu ya wajumbe hao ya kuwa na shule ambayo si ya misheni yoyote, na Baraza likatoa fedha. Wazee waliosoma pale wangali wakiitaja kwa fahari.

Lakini ushuru hulipwa kutoka katika mfuko, na mfuko hujazwa na biashara. Habari za wenye biashara, basi, zaanza na kahawa na vinu. Kwa miaka mingi Mwafrika wa Kenya alizuiwa kupanda kahawa. Walowezi walisema ataeneza magonjwa ya miti na kuiba mazao ya mashamba yao. Ukweli ni kwamba waliogopa kukosa vibarua na kupata mshindani. Katika miaka ya 1930 serikali ililegeza amri, na Kisii ikawa miongoni mwa sehemu chache za kwanza zilizoruhusiwa, pamoja na Meru na Embu. Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari alikuwa mmoja wa waliotangulia kupanda. Wengi walimcheka mtu anayepanda mti usioliwa wala kulisha ng'ombe. Walipoona fedha, wakaacha kucheka.

Wakati huo huo vinu vya maji vilienea kando ya vijito vyetu. Nchi yetu Mungu ameijalia maji yanayoteremka kwa kasi, na mtu aliyeweza kununua mawe ya kusagia na kuchimba mfereji alipata riziki. Mara nyingi mtu mmoja hakuweza, ndugu au marafiki wakachanga. Nawaomba wanachama mtafakari kinu hicho. Kilikuwa mali ya watu wachache, nacho kilileta faida yao. Lakini mama aliyekuwa akisaga kwa jiwe tangu alfajiri alipumzika. Mwenye kinu alihitaji njia nzuri ili watu wafike na mizigo, na watu walihitaji kinu. Manufaa ya mtu na manufaa ya kijiji yalikutana mlangoni pa kinu, na hapakuhitajiwa hotuba ya kumweleza mwenye mali kwa nini anyooshe njia.

Baada ya vita kuu vya pili, vilivyokwisha mwaka 1945, askari walirudi na akiba zao, na maduka ya Waafrika yakaongezeka katika masoko ambayo zamani biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa Wahindi. Mwaka ule ule wa 1945 sheria ya vyama vya ushirika ilifungua njia kwa wakulima Waafrika kujiandikisha na kuuza mazao yao kwa pamoja. Wenzetu wa Kilimanjaro walikuwa wametutangulia. Chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kiliandikishwa mwaka 1933. Jirani zetu Waluo nao, mwaka 1947, wakiongozwa na Bwana Oginga Odinga aliyekuwa mwalimu, waliandikisha shirika lao la akiba na biashara, na watu wa kawaida wakanunua hisa. Nia yake haikuwa faida tu. Alitaka Mwafrika aone kwa macho yake kwamba fedha ndogo ndogo za watu wengi zaweza kusimamisha duka na kiwanda cha kuchapa magazeti.

Hapa yafaa niseme neno juu ya vyama kama hiki chetu. Mwaka 1923 Archdeacon Owen aliwashawishi viongozi wa Nyanza, waliokuwa wameanza kulalamikia serikali kwa ukali tangu mkutano wa Lundha wa mwaka 1921, wakaunda chama cha walipa kodi cha kutafuta ustawi wa watu. Wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kulala juu ya vitanda, kupanda miti, kuua panya. Wengine walimlaumu Archdeacon kwamba aliuzima moto wa siasa kwa maji ya usafi, na lawama hiyo ina ukweli wake. Lakini tusiwadharau waliochimba vyoo. Mtu aliyeahidi mbele ya wenzake kuchimba choo, na wenzake wakaenda kukitazama, alijifunza jambo ambalo hotuba haifundishi: kwamba ahadi ya umma hukaguliwa.

Baadaye, Wagusii walipotoka kwenda kufanya kazi Nairobi, Mombasa na katika mashamba ya chai ya Kericho, waliungana katika vyama vya kusaidiana ugenini. Aliyefiwa alichangiwa, maiti akarudishwa nyumbani, na mwana wa ndugu akapata karo. Chama chetu kimezaliwa katika ukoo huo.

Na Githunguri kusisahauliwe. Mwaka 1939 Bwana Peter Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, alifungua chuo cha walimu kilichojengwa kwa michango ya Wakikuyu wenyewe. Siri yake ilikuwa rika. Kila rika lilishindana na rika lingine kuleta fedha, na haya ya kushindwa na wadogo zao iliwafanya wazee watoe. Wanawake nao walichanga kwa ajili ya bweni la wasichana. Serikali ilikifunga mwaka 1952. Kwa hiyo wanachama msidhani kwamba harambee ilianza mwaka 1963. Mwaka huo ilipewa jina na bendera.

Jina lenyewe lilikuwa la wapagazi na wachukuzi, mwito wa kuvuta pamoja mzigo mzito. Tarehe 1 Juni 1963, siku ya Madaraka, Mzee Jomo Kenyatta alipokuwa Waziri Mkuu, aliufanya kuwa mwito wa nchi. Mahitaji yalikuwa makubwa na hazina ilikuwa ndogo. Serikali ilisema: ninyi jengeni, sisi tutaleta walimu na dawa. Wananchi waliitika kwa namna ambayo haijapata kuonekana. Mawe yalibebwa vichwani, matofali yakachomwa, wanawake wakateka maji ya kukorogea udongo. Kufikia miaka ya 1970 shule za sekondari za harambee zilikuwa nyingi kuliko zile za serikali. Katika miaka hiyo hiyo kila upande wa nchi ulitaka chuo cha ufundi chake, na Wagusii hawakukubali kubaki nyuma. Gusii Institute of Technology ilizaliwa kwa michango, nayo leo ni Kisii National Polytechnic.

Chai nayo ilikuwa imeingia katika milima yetu mwishoni mwa miaka ya 1950, na baada ya KTDA kuundwa mwaka 1964 viwanda vilisimama kimoja baada ya kingine. Leo Nyamira ina Kebirigo, Nyankoba, Sanganyi, Tombe, Gianchore, navyo ni mali ya wakulima kwa hisa. Mkulima alipopata malipo ya mwisho wa mwaka, mchango ulipata mahali pa kutoka. Sitaki tusahau jambo hilo tunapowasifu wazee wetu kwa moyo wao wa kutoa: moyo walikuwa nao, na majani ya chai walikuwa nayo pia.

Basi, kilichoharibika ni nini?

Kwanza, mipango ilikosa mizani. Kijiji kilijenga shule bila kuuliza kama kijiji cha pili kimejenga, na serikali haikuweza kupeleka walimu kila mahali. Watoto wengi wa shule za harambee walifundishwa na vijana wasiopata mafunzo, wazazi wakalipa karo kubwa kuliko ile ya shule za serikali, na mitihani ikawashinda. Zahanati zilisimama bila muuguzi. Ulipoanza mtindo wa elimu wa 8-4-4 mwaka 1985, wazazi waliambiwa wajenge vyumba vya kazi za mikono. Wakajenga, na vingi vikabaki bila vifaa, hata mafunzo yenyewe yakapunguzwa.

Pili, aliingia mgeni wa heshima. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu alikuja mara nyingi ili yeye mwenyewe apone katika kura. Harambee ikawa uwanja wa wakubwa kuonyeshana mabunda ya noti. Kuku mmoja alinadiwa mara kumi akiwa angali mkononi mwa mnadi, na mzee aliyeleta shilingi 20, alizozipata kwa kuuza ndizi, aliona haya kusimama. Aliyesimama na fedha nyingi hakuulizwa alikozipata. Siku ilipokwisha, jengo liliitwa kwa jina lake.

Tatu, shuruti ilirudi kwa mlango wa nyuma. Katika sehemu nyingi za Kenya watu walinyang'anywa kuku na mbuzi kwa kukosa mchango, wafanyakazi wakakatwa mishahara bila ya kukubali, na mwenye duka aliyekwenda kutafuta huduma ofisini akaulizwa kwanza stakabadhi ya harambee. Hapo mchango ulikuwa umegeuka kodi isiyo na sheria. Babu aliyelimishwa barabara kwa fimbo angeitambua mara moja.

Ndiyo sababu sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 iliwakataza maofisa kutumia vyeo vyao kukusanya michango. Mwaka ule ule Bunge lilianzisha mfuko wa maendeleo ya maeneo ya uwakilishi bungeni, ili sehemu ya mapato ya nchi ishuke hadi mashinani kwa sheria na si kwa hisani ya mtu. Wakubwa hawakuacha harambee hata hivyo. Mwezi wa Julai mwaka 2024, baada ya vijana kujaa barabarani kote nchini kuupinga mswada wa fedha, Rais William Ruto alitangaza kwamba watumishi wa serikali wasishiriki tena katika harambee za hadhara. Miongoni mwa mambo yaliyowaudhi vijana ni kuona viongozi wakibeba fedha kwa magunia ilhali wao hawana kazi.

Mimi mwandishi niliwahi kuwa katibu wa halmashauri moja ya ujenzi, ambayo jina lake halina haja hapa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alitupa mifuko 40 ya saruji, nusu kwa bei aliyonunulia na nusu bure, kwa neno la mdomo tu. Mama mmoja mjane alileta mayai 12. Siku ya sherehe tulisoma majina ya mabwana watatu walioahidi fedha nyingi. Wawili kati yao hawajazilipa hata leo. Saruji hatukuitaja, kwa sababu haikuwa fedha taslimu na mimi sikuiandika. Mayai nayo hayakutajwa. Mwaka uliofuata tulirudi kwa mwenye duka kuomba mabati. Alitukaribisha chai, akatusikiliza kwa heshima, akasema biashara ni ngumu. Tulijua sote kwamba hakuwa akizungumza habari za biashara. Lawama ni yangu, na nimeiandika hapa ili katibu ajaye asiirithi.

Si kwamba wenye mali hawatoi. Huko Unguja tajiri Tharia Topan alianza mwaka 1887 kujenga jumba zuri la hospitali ya hisani, lililo mbele ya bahari hata leo. Alifariki mwaka 1891 kabla ya kulimaliza, mjane wake akalemewa, na mwishowe jumba likauzwa kwa mali ya mfanyabiashara mwingine, ndipo zahanati ikafunguliwa humo. Nairobi nayo ina bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa na mfanyabiashara wa jina hilo kwa wenyeji wa mji mwaka 1906, na mara kadhaa watu wamelazimika kuitetea isichukuliwe kujengwa majumba. Zawadi ya tajiri mmoja ina hatari zake: yaweza kufa naye, na yaweza kuporwa ikiwa wenyeji hawakuizoea kama mali yao. Ile ya Jeevanjee imesalimika kwa sababu watu wa kawaida waliokaa kwenye nyasi zake walikuwa tayari kupiga kelele.

Sasa nirudi kwa swali la vijana. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, na tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, kila mlango una mwenyewe. Zahanati, njia za kaunti, masoko, madarasa ya watoto wadogo kabla ya shule ya msingi, na vyuo vya ufundi vya vijijini ni kazi ya Kaunti ya Nyamira. Shule za msingi na sekondari ni kazi ya serikali kuu. Kwa hiyo kijana asemaye kwamba zahanati isijengwe kwa kuku wa mjane anasema haki. Lakini jibu lake halijatimia. Katiba hiyo hiyo yataka wananchi washiriki katika mambo ya fedha za umma, na kikao cha bajeti cha kaunti kikiitishwa, anayekwenda ni nani? Kuchangia siku moja ya kukaa katika kikao hicho, mkiwa watu 30 wa Nyaramba wenye neno moja lililoandikwa, ni mchango ulio sawa na mabati 30. Nasema sawa, naamini ni zaidi, maana bati huota kutu.

Tena kuna kazi ndogo ambazo hakuna serikali itakayozifikia kwa wakati: chemchemi iliyozibwa na matope, kivuko cha watoto wa shule wakati wa masika, taa ya sokoni, karo ya yatima mmoja. Hizo ndizo za risaga. Kwa hizo mwenye lori aweza kutoa safari moja ya mchanga, mwenye duka aweza kuuza misumari kwa bei aliyonunulia, vijana wa bodaboda waweza kutoa asubuhi moja ya kubeba mawe, na fundi siku yake. Mwenye biashara hafanyi hisani tupu. Kivuko kikiwa kizuri, mteja hufika dukani hata wakati wa mvua, kama alivyofika zamani kwenye kinu cha maji.

Nao waliotoka wasisahauliwe. Wagusii wengi wamejenga makazi yao Marekani, hasa katika jimbo la Minnesota, na wengi hutuma fedha nyumbani. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 mchango hufika kwa dakika moja, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini fedha zilizofika upesi zaweza pia kupotea upesi. Mtu aliye mbali haoni ukuta. Huona tarakimu katika simu tu, wala hana jirani wa kumnong'oneza kwamba saruji ilikwenda kujenga nyumba ya mwenyekiti. Yeye ndiye astahiliye hesabu ndefu kuliko sisi tulio hapa, na mara nyingi ndiye apewaye fupi.

Kwa sababu hizo Halmashauri imekubaliana mambo machache kwa mwaka ujao, nayo yataletwa mbele ya Mkutano Mkuu myajadili na kuyarekebisha. Ahadi haitasomwa kama mchango mpaka ilipwe. Kitu kilichotolewa, kiwe saruji, mayai, au siku ya jembe, kitaandikwa kwa bei yake ya sokoni siku hiyo, pamoja na jina la aliyetoa. Hakuna atakayefuatwa mlangoni mara mbili kwa kazi moja. Hesabu itasomwa sokoni siku ya soko, kwa sauti, kwa Ekegusii na kwa Kiswahili, kabla ya kuchapwa katika kijitabu hiki.

Daftari jipya limekwisha kununuliwa. Kurasa za mwanzo zimepigwa mistari kwa ajili ya siku za kazi za mikono, zinazofuata ni za vifaa, na za fedha zimewekwa mwisho. Mweka hazina aliuliza kwa nini fedha ziwe nyuma. Mzee mmoja wa Halmashauri akamjibu kwamba ndivyo zilivyofika katika nchi hii.